Marobota Mapya ya Nyasi: Kazi Haijaisha Shambani

Mvua inapopungua katika sehemu za Nakuru, Gilgil na Naivasha, mashamba mengi huonekana yametandazwa nyasi zilizokatwa, na baada ya siku chache mahali pake huwa pamejaa marobota yaliyofungwa kwa kamba. Mpita njia ayaonaye hudhani kwamba mwenye shamba amekwisha kuvuna. La, hasha! Kazi iliyobaki ndiyo itakayoamua kama nyasi hizo zitakuwa chakula cha ng'ombe au zitakuwa takataka.

Yafaa kila mfugaji afanye hesabu. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji chakula kikavu kiasi cha kilo 10 kwa siku, au zaidi. Robota dogo la kawaida lina kilo 15 hivi. Kwa hiyo, kiangazi cha siku 90 kitamaliza marobota 60 kwa ng'ombe mmoja tu, kama hana malisho mengine. Marobota kumi yakiharibika, huyo ng'ombe amepungukiwa na chakula cha siku kumi na tano. Wala si siku zenye majani, bali zile za mwisho wa kiangazi, ambapo nyasi hazipatikani kwa jirani, na bei yake sokoni imekwisha kupanda.

UNYEVU NDIO ADUI

Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Lakini akiba ya nyasi huoza upesi ikiwa imefungwa kabla ya kukauka. Sababu yake ni hii. Nyasi zikatwapo hazifi mara moja. Huendelea kupumua na kutumia sukari iliyomo ndani yake, na kazi hiyo huleta joto. Tena, vijidudu na ukungu huzaana penye unyevu, navyo huongeza joto hilo. Nyasi zikiwa zimetandazwa shambani, joto hupeperushwa na upepo. Zikishafungwa na kupangwa rundo kubwa, joto halina pa kutokea.

Ndiyo maana yapasa nyasi zikauke hata unyevu uliobaki uwe kiasi cha asilimia 15 kabla ya kuziweka ghalani. Mfugaji asiye na kipimo anaweza kupima kwa njia rahisi. Achukue konzi ya nyasi na kuzisokota: zikivunjika, zimekauka, zikipindika kama kamba, bado. Au azikatekate, azitie katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, afunge kifuniko na kutikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana mabonge, nyasi zina unyevu bado. Ikibaki imetawanyika, zinafaa kuwekwa. Lakini zisiachwe juani kupita kiasi, kwa maana majani yake hukatika na kuanguka, na majani ndiyo yenye nguvu kuliko mashina.

NAMNA YA KUYABEBA

Marobota yasilale chini usiku mwingi. Umande na unyevu wa ardhi huingia kwa chini, na kamba ya katani huoza ikigusa udongo uliolowa. Ikiwa hapana budi kuyaacha shambani, yasimamishwe kwa ubavu, kamba zikiwa pande mbili wala si chini.

Anayeliinua robota na apige magoti badala ya kuinama mgongo, tena alishike karibu na mwili wake. Avae glavu na nguo yenye mikono mirefu, kwa kuwa kamba hukata vidole na mashina huchoma ngozi. Robota lililolala shambani lipinduliwe kwanza kwa uma au fimbo, kwani nyoka hupenda kujificha chini yake. Lililolegea lifungwe upya hapo hapo. Likipasukia njiani, nyasi zake zitakanyagwa na kupotea.

Wasio na mashine nao wasikate tamaa. Wakulima wengi wadogo hutumia sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa sentimita 55 na kina cha sentimita 45. Kamba hutandikwa kwanza ndani, nyasi hukanyagwa mpaka sanduku lijae, kisha hufungwa. Robota la namna hiyo huwa na kilo 20 hivi.

GHALANI

Marobota yapangwe juu ya mbao au magogo, chini ya paa lisilovuja, na nafasi ziachwe ili hewa ipite. Yaliyonyeshewa yasichanganywe na makavu.

Katika majuma sita ya kwanza rundo liangaliwe mara kwa mara. Likinuka kama sukari iliyoungua, au likitoa mvuke, hiyo ni hatari. Chuma kirefu chaweza kuingizwa katikati na kuachwa kwa dakika ishirini. Kikitolewa na mkono usiweze kukishika kwa ajili ya joto, moto u karibu. Joto likifika nyuzi 80 za Selsiasi, nyasi zaweza kuwaka zenyewe pasipo mtu kuwasha kibiriti. Hapo mtu asipande juu ya rundo, wala asilifumue peke yake, maana hewa ikiingia ghafla huamsha moto. Na awaite wazima moto kwanza.

Robota lenye ukungu nalo lisidharauliwe. Vumbi lake likivutwa pumuzi mara nyingi huleta ugonjwa wa mapafu kwa mwenye kulifungua, na ng'ombe mwenyewe hulikataa au hudhurika.

Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Nyasi zilizokaushwa vema na kutunzwa haziwezi kuleta mvua. Lakini mfugaji aliye nazo ghalani hapangiwi na kiangazi siku ya kumwuza ng'ombe wake kwa bei ya hasara. Basi anayeona mawingu yakikusanyika jioni, na marobota yake yangali shambani, asiseme "kesho". Na awaite watu wa nyumbani, wayabebe leo.