Damu ya Hedhi Ikizidi, Usikubali Kuambiwa "Utazoea"

Leo tuzungumzie jambo ambalo wasichana wengi hulisema kwa kunong'ona tu. Na wewe kijana wa kiume usiruke ukurasa huu. Una dada, na huenda kesho ukawa baba wa binti.

Je, umewahi kumwona mwenzako akijifunga sweta kiunoni, au akikosa masomo kila anapoingia mwezini? Akisema damu ni nyingi huambiwa, "Ndiyo uanamke huo, utazoea." Jibu hilo laweza kuwa la hatari.

Sikia kisa hiki cha kweli. Mwaka 1924 msichana wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland, nchini Finland, alipelekwa kwa daktari Erik von Willebrand kwa sababu alitokwa damu kupita kiasi. Daktari aliichunguza familia yake, na mwaka 1926 akaandika habari za ugonjwa huo wa kurithi, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Damu ya mgonjwa haigandi vizuri. Msichana yule alivunja ungo, na akiwa na miaka 13 alifariki kwa kutokwa damu katika hedhi yake ya nne.

Siku hizi dawa zipo. Lakini ugonjwa kama huo hauonekani usoni, na kwa msichana hedhi nyingi yaweza kuwa ishara ya kwanza. Ndiyo maana hata daktari mwenye shahada inambidi aendelee kusoma. Mwaka 2011 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, lilipanga sababu za damu hiyo katika makundi 9, ili daktari achunguze badala ya kubahatisha. Na mwaka 2015 chama cha madaktari hao nchini Marekani kiliwakumbusha wanachama wake kwamba hedhi ya msichana ni kipimo cha afya yake, sawa na mapigo ya moyo.

Kwa umri wako, sababu ya kawaida ni kwamba miaka 2 au 3 ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mayai huwa hayapevuki kila mwezi. Nyingine ni hiyo ya damu kutoganda. Mimba inayoharibika nayo huleta damu, kwa hiyo usikasirike daktari akitaka kupima mimba. Ndiyo kazi yake.

Sasa utajuaje kwamba imezidi?

- Pedi au kitambaa kinalowa chapachapa kila baada ya saa 1 au 2.
- Damu inatoka zaidi ya siku 7.
- Yanatoka mabonge makubwa kama sarafu au zaidi.
- Unachoka mno, unasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Huenda umepungukiwa damu.

Ukiona hata moja kati ya hizo, mwambie mama, shangazi au matroni, kisha nenda kituo cha afya. Ukizimia, au pedi zikilowa mfululizo kila saa, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku.

Kabla ya hapo, anza kuandika kwenye daftari: tarehe ya kuanza, idadi ya siku, na pedi ulizobadilisha kila siku. Andika pia kama hutokwa damu puani au kwenye fizi, na kama mama au dada zako wana tatizo hilo. Usimeze aspirini kwa maumivu ya tumbo, maana huzidisha damu.

Daktari aweza kukupa vidonge vya kuongeza damu, dawa za homoni, au dawa ya kusaidia damu igande. Inategemea sababu.

Basi, rafiki yangu, usione haya. Na hata huko kituoni ukiambiwa "utazoea", fungua daftari lako umsomee hesabu zako.