Bakuli Bila Daftari

Kutoka soko la Kimironko, jijini Kigali, hadi Uwanja wa Amahoro ni mwendo mfupi wa pikipiki, na siku Rayon Sports inapokutana na APR barabara ya kuelekea Remera hutawaliwa na rangi mbili, buluu na nyeupe. Rayon ilizaliwa Nyanza mwaka 1968, na wapenzi wake huiita Gikundiro, yaani kipenzi. APR ina jeshi nyuma yake. Police FC ina polisi, na AS Kigali ina jiji. Rayon ina watu. Hao watu wameambiwa mara nyingi kwamba wasipochanga timu itazama, nao huchanga: mwenye kibanda cha nguo, dereva wa pikipiki, mwalimu, fundi cherehani. Ukarimu wao hauna shaka. Lenye shaka ni kama fedha hizo huokoa kitu. Mchango wa shabiki huiokoa klabu pale tu unapompa mchangaji kura na haki ya kuona hesabu. Usipompa hivyo, huahirisha msiba, na mara nyingine huugharamia.

Rudini nyuma hadi 2018. Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka huo liliweka timu tatu za ukanda wetu katika kundi moja, pamoja na USM Alger ya Algeria: Rayon Sports ya Rwanda, Gor Mahia ya Kenya na Yanga ya Tanzania. Rayon ilivuka hadi robo fainali, ikatolewa na Enyimba ya Nigeria. Kiwanjani zilikuwa mahasimu. Nje ya uwanja zilikuwa ndugu wa ugonjwa mmoja. Yanga ilikuwa tayari imeyumba tangu mfadhili wake, Yusuf Manji, ajiuzulu uenyekiti mwaka 2017, na msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alikuwa akiwaomba mashabiki hadharani waichangie timu; huko Tanzania walisema Yanga inatembeza bakuli, na watani wao wa Simba hawakuwaacha wasahau. Gor Mahia ilibaki mikono mitupu Agosti 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake kutokana na mvutano wa kodi na serikali ya Kenya. Rayon, bingwa wa Rwanda mwaka 2019, iliingia 2020 ikiwa na malimbikizo, viwanja vilivyofungwa kwa Uviko na viongozi waliorushiana maneno. Ndani ya miaka mitatu, klabu zote tatu zenye umati mkubwa zilikuwa zinaomba. Kwa hiyo umati peke yake si mtaji.

Ni vizuri kueleza jinsi klabu inavyofika hapo, maana wengi hudhani fedha huibwa tu. Wizi upo duniani, lakini mara nyingi tatizo ni la kawaida zaidi. Kabla ya msimu kuanza, uongozi husajili kwa matumaini: kocha wa kigeni, washambuliaji wawili, ada za kusaini zinazolipwa nusu leo na nusu kesho. Mapato ya mlangoni hutegemea mechi chache kubwa kwa mwaka. Nyingine huchezwa mbele ya viti vitupu. Timu ikifungwa mechi tatu, mashabiki hudai kocha aondoke, naye akiondolewa kabla mkataba haujaisha hupeleka madai FIFA. Hukumu ikitoka na klabu isilipe, hufungiwa kusajili. Kiyovu Sports, klabu kongwe ya Kigali, iliyaonja hayo mwaka 2024. Hapo ndipo bakuli hutolewa, na shabiki anayeweka noti yake akidhani anamleta mchezaji mpya huenda anamlipa kocha aliyeondoka zamani, ambaye yeye mwenyewe alipiga kelele afukuzwe. Hajaambiwa.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko mbali kidogo, katika mchezo ambao Kimironko hauchezwi. Raga ya wachezaji 13 ilizaliwa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 29 Agosti 1895, na ilizaliwa kwa ugomvi wa fedha: klabu za miji ya viwanda zilitaka kuwafidia wafanyakazi ujira waliokosa kwa kwenda kucheza, wakubwa wa raga wakakataa. Bradford ulikuwa mmoja wa miji hiyo. Klabu yake, Bradford Bulls, ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1997, 2001, 2003 na 2005. Lakini Januari 2012 ilikuwa imeshauza haki yake ya upangaji wa uwanja wa Odsal kwa chama cha mchezo huo ili ipate fedha, na miezi miwili baadaye ikawaambia mashabiki kwamba inahitaji pauni milioni moja, nusu yake ndani ya siku kumi hivi. Nusu hiyo ilipatikana. Watu wa mji usio tajiri wakaahidi pauni 500,000 kwa muda mfupi kuliko wengi wanavyochukua kununua kochi. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo klabu ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa mufilisi. Ikanunuliwa, ikaanguka tena 2014, ikaanguka tena 2016, na Januari 2017 kampuni yake ikavunjwa. Jina lilibaki kwa sababu kampuni mpya iliundwa, ikaanza msimu ikiwa na pointi 12 chini ya sifuri.

Sasa tuangalie Portsmouth, klabu ya soka ya kusini mwa nchi hiyohiyo, wakati uleule, katika dhiki kubwa zaidi. Mashabiki wa Portsmouth nao walitoa fedha, lakini hawakuzitoa kama sadaka. Walinunua hisa, pauni 1,000 kila moja, kupitia chama chao kilichosajiliwa, na Aprili 2013 wakawa wenye klabu. Walikaa kwenye bodi. Walisoma hesabu. Na tajiri wa Marekani, Michael Eisner, alipotaka kuinunua mwaka 2017, wao ndio waliopiga kura na kukubali. Mtu anaweza kusema, kwa haki, kwamba madeni mengi yalikuwa yamekatwa kabla hawajaingia, na kwamba matajiri wachache wa mji waliongeza fungu kubwa. Ni kweli. Bado tofauti na Bradford inabaki: huko mchangaji alipata shukrani, huku alipata kiti.

Wakazi wa Kimironko hawahitaji kupelekwa Uingereza kujifunza hili. Wana ikimina. Wafanyabiashara wa sokoni hukutana kila wiki, kila mmoja anaweka kiasi kilichokubaliwa, jina lake linaandikwa daftarini mbele ya wenzake, anayechelewa anatozwa faini, na mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa na kila mtu anajua lake. Kila umurenge (kata) nchini uliwekewa SACCO yake, chama cha akiba na mikopo, na kanuni ni ileile. Mama anayeuza vitenge asiyekubali kumpa jirani faranga elfu tano bila kuandikiwa, humrushia fedha mtu wa klabu asiyemjua, kwa simu, asiulize chochote. Sababu ni mapenzi, na mapenzi ni mazuri. Ila viongozi wa klabu wamezoea kuyategemea kama mkulima anavyotegemea mvua.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni kwamba shabiki hafai kupewa usukani. Ana hasira, anataka kocha afukuzwe Jumapili na mchezaji anunuliwe Jumatatu. Si hoja ya kudharau, lakini ukiangalia nani alisajili kwa mkopo na nani alisaini mikataba isiyolipika, huoni umati. Unaona kamati ndogo iliyokuwa ikiuogopa umati. Mashabiki wenye hesabu mikononi hutulia, kwa kuwa wanajua kufukuza kocha kunagharimu kiasi gani na nani atalipa. Rwanda yenyewe ilishuhudia jambo la karibu na hili. Septemba 2020 Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB, ambayo ndiyo husimamia vyama visivyo vya serikali na kwa hiyo hata Rayon Sports, iliuondoa uongozi uliokuwa ukigombana na kuweka kamati ya muda chini ya Murenzi Abdallah. Oktoba hiyo ukafanyika uchaguzi, na waliopiga kura walikuwa wawakilishi wa vikundi vya mashabiki. Uwayezu Jean Fidèle akachaguliwa. Shida hazikuisha, na yeye mwenyewe alijiuzulu Septemba 2024 kabla muda wake haujatimia. Lakini jambo moja lilibadilika ambalo halikupaswa kungoja serikali: kikundi cha mashabiki kilitambuliwa kuwa mwanachama mwenye kura, si mteja wa tiketi tu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanasema fedha za walalahoi hazitoshi kushindana na bajeti ya taasisi. Tufanye hesabu ya kubuni: watu 10,000 wakitoa faranga 1,000 kila mwezi ni milioni 10, yaani milioni 120 kwa mwaka. Hazitoshi kuipiku APR, sibishi. Zinatosha kulipa mishahara kwa wakati katika miezi ambayo mlango haujaingiza kitu, na mishahara iliyolipwa kwa wakati ndiyo inayozuia kesi za FIFA. Tajiri naye anakaribishwa. Tanzania iliweka sharti kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Mohammed Dewji alishinda zabuni ya Simba Desemba 2017, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na Yanga ikapitisha katiba mpya mwaka 2021. Mabishano yamekuwa mengi, hasa juu ya bilioni hizo zilizoahidiwa ziko wapi. Nadhani mabishano hayo ni afya. Mwanachama wa Simba anayeuliza fedha zipo wapi anatumia kitu ambacho shabiki aliyeichangia Bradford mwaka 2012 hakuwa nacho.

Kazi ngumu zaidi, ya kujua wenye timu ni akina nani, teknolojia imeshaianza. Tiketi za mechi kubwa Kigali hununuliwa kwa simu, na kila tiketi huacha nyuma namba ya mnunuzi. Tangu Amahoro ufunguliwe upya Julai 2024 ukiwa na viti 45,000, mechi moja ya Rayon na APR inaweza kuipa klabu orodha ndefu kuliko daftari lolote la wanachama ililowahi kuwa nalo. Kinachokosekana ni ujumbe wa pili kwenye simu hizo, baada ya ule wa kuomba mchango: kiasi kilichokusanywa, kiasi kilicholipwa, na aliyelipwa ni nani.