UZI: Ukimbie kununua gari kabla ya Julai 1? Tufanye hesabu kwanza

1/ Kila mwaka ikifika Mei na Juni mjadala ni uleule. Upande mmoja unasema ushuru wa magari hauna shida, mwingine unasema mwananchi amemalizwa. Katikati kuna mtu wa Kitale ama Bungoma ameshika simu akijiuliza: ninunue sasa ama ningoje? Uzi huu ni wa huyo mtu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende na sheria na namba.

2/ Nianze na shemeji yangu, mkulima wa mahindi upande wa Kiminini. Mwisho wa Mei alinipigia: "Shemeji, nasikia Julai gari zinapanda. Niko na pesa ya mbolea ya kukuzia hapa. Nikiitanguliza kwa gari ya Japani, si nitakuwa nimewahi?" Nikamwambia, ngoja kwanza, usitume hata shilingi. Sababu nitaeleza hapa chini, lakini jibu lake lilikuwa kwa kalenda, si kwa siasa.

3/ Kwanza, ushuru wa gari unaweza kubadilika kupitia milango mitatu, na watu wengi hulinda mmoja tu.

Mlango wa kwanza ni Bunge. Katiba, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi inayotozwa ama kubadilishwa bila sheria. Hapa ndipo Mswada wa Fedha unaingia kila Juni. Unagusa ushuru wa bidhaa, VAT, na zile tozo mbili za uagizaji: IDF na ya reli, RDL.

4/ Mlango wa pili uko Arusha. Ushuru wa forodha unaamuliwa kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Haumo ndani ya Mswada wa Fedha. Ndiyo maana 2023, wakati watu walikuwa wanapigania VAT ya mafuta na makato ya nyumba, ushuru wa forodha wa magari ulitoka 25% hadi 35% kuanzia Julai, na wengi walikuja kugundua wakiwa Mombasa.

5/ Mlango wa tatu ni orodha ya bei ya KRA, inaitwa CRSP. KRA haiangalii tu risiti yako ya Japani. Inachukua bei ya gari hilo likiwa jipya kwa orodha yake, inapunguza kwa sababu ya umri, halafu inapata thamani ya kutoza ushuru. Kwa hivyo asilimia zinaweza kukaa vilevile lakini wewe ukalipa zaidi kwa sababu orodha imebadilika. KRA ilipotangaza orodha mpya ya kuanza Julai 1, 2025, kilichotikisa wanunuzi kilikuwa bei za orodha, si asilimia.

Na msidhani ni Juni pekee. RDL ilipanda kutoka 1.5% hadi 2% mwisho wa Desemba 2024, watu wakiwa kwa Krismasi.

6/ Sasa hesabu. Chukua gari la injini isiyozidi cc 1500, zile Fielder ndogo na Probox mnazoziona soko la Kitale. Tuseme thamani ya forodha ni sh 500,000. Kwa viwango vya 2025:

Ushuru wa forodha 35% = 175,000
Ushuru wa bidhaa 20% ya 675,000 = 135,000
VAT 16% ya 810,000 = 129,600
IDF 2.5% = 12,500
RDL 2% = 10,000

Jumla: sh 462,100.

Umeona mtego? Ushuru wa bidhaa unatozwa juu ya ushuru wa forodha. VAT inatozwa juu ya zote mbili. Unalipia kodi kodi.

7/ Gari hilohilo kabla ya Julai 2023, wakati forodha ilikuwa 25%, IDF 3.5% na RDL 2%: ungelipa 397,500. Tofauti ni sh 64,600. Hapo aliyewahi aliwahi kweli, hakuna kupinga.

Lakini linganisha na lile badiliko la RDL la Desemba 2024. Nusu asilimia ya 500,000 ni sh 2,500. Ukichukua mkopo wa SACCO wa 400,000 kwa 1% kwa mwezi ili ukwepe hiyo 2,500, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 4,000. Umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Funzo: ukisikia "ushuru umepanda", uliza ni upi, na kwa kiasi gani.

8/ Kitu kingine kinachopita kelele zote: cc. Gari la thamani ileile ya 500,000 lakini injini imepita 1500, ushuru wa bidhaa ni 25% badala ya 20%. Jumla inafika 501,250. Hiyo ni karibu 39,000 zaidi. Fielder ya cc 1496 na ile ya cc 1797 zinafanana ukiziona zimeegeshwa, lakini mbele ya KRA hazifanani. Chaguo hili liko mikononi mwako mwezi wowote wa mwaka.

9/ Turudi kwa shemeji. Swali kubwa: ni siku gani inahesabika? Siku uliyolipa Japani? Siku meli iliondoka?

Hapana. Kiwango kinachotumika ni kile kilichopo gari linapoingizwa rasmi kwa forodha kwa matumizi ya humu nchini. Na hata ukiwasilisha hati mapema, meli ikiwa bado baharini, hujawahi.

Sasa hesabu siku. Ulipie mwisho wa Mei, gari likaguliwe huko Japani, lipate nafasi ya meli, lisafiri wiki kadhaa hadi Mombasa. Julai 1 inakupita njiani. Angelipa kiwango kipya, kama kipo, na shamba lingekuwa limekosa mbolea. Hasara mbili kwa haraka moja.

10/ Na gari za yadi je? Gari iliyo kwa yadi Eldoret, Kitale ama Bungoma na ushuru wake umelipwa, imemaliza mambo ya Julai. Muuzaji akikuambia "nunua leo, kesho ushuru unapanda", muulize kwa heshima: "Boss, ushuru wa hii gari ulilipwa lini? Nionyeshe karatasi." Kama ulilipwa Machi, Julai haiwezi kurudi nyuma kuudai upya. Anaweza kupandisha bei kwa sababu soko limepanda, ni haki yake, lakini asikuambie ni serikali.

Tofauti ni gari ambalo bado liko kwenye ghala la forodha na halijalipiwa. Hilo litalipa kiwango cha siku litakapotolewa. Kwa hivyo hiyo karatasi ni muhimu.

11/ Kuna tarehe nyingine ambayo wanasiasa hawaiimbi kabisa: Desemba 31. Sheria ya KEBS ni kwamba gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kuanzia Januari 1, 2025 zilikubaliwa za 2018 kuendelea. Kuanzia Januari 1, 2026 ni za 2019 kuendelea. Gari la mwaka unaofungwa lazima liwe limefika kabla mwaka uishe.

12/ Hii inawagusa sana wakulima wa Trans Nzoia. Mahindi yanavunwa kuanzia Oktoba, pesa inaonekana Novemba ama Desemba. Na wakati huohuo ndio gari za mwaka wa mwisho huuzwa kwa bei ya kuvutia, kwa sababu muuzaji anajua Kenya inazifungia mlango. Ukilipa katikati ya Novemba na meli ichelewe hadi Januari, gari linakataliwa, na gharama ya kulirudisha ni yako. Kama pesa yako ni ya mavuno, chukua gari changa kwa mwaka mmoja. Utaongeza kidogo lakini utalala.

13/ Kumbuka pia 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya magari ya 2.5% ya thamani kila mwaka, ilipwe ukikata bima, isipungue 5,000 na isizidi 100,000. Nilijua watu walioharakisha kununua ili "wawahi". Wawahi nini? Ile ingekuwa ya kila mwaka, kwa kila gari, la zamani na jipya. Hakuna tarehe ya kununua ingekuokoa. Ilitupwa katikati ya Juni kabla ya kupigiwa kura, na mswada mzima ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni 25. Aliyekopa kwa hofu alibaki na mkopo.

14/ Halafu dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu sh 160. Kufika katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Gari la dola 4,000 lilitoka sh 640,000 hadi 520,000. Hiyo ni 120,000, karibu mara mbili ya ile tofauti ya ushuru wa 2023. Aliyeangalia ushuru tu hakuiona.

15/ Watu wa Bungoma, yenu ni spesheli. Mnaona gari zikipita barabara kuu kuelekea Malaba kila siku, na kuna mtu atakuambia za Uganda ni rahisi. Uganda inaruhusu magari ya umri mkubwa kuliko Kenya, hadi karibu miaka 15. Lakini gari la miaka 12 lenye namba ya Uganda haliwezi kupata namba ya Kenya hata ulipe ushuru, kwa sababu limevuka miaka 8. Utaliendesha kwa kibali cha muda, na kibali kikiisha uko kwa kona ya kukamatwa. Gari bila logibuku ya Kenya huwezi kuliweka dhamana SACCO wala kuliuza vizuri. Urahisi wake unaishia kwa kizuizi cha kwanza.

16/ Sasa kwa mjadala wenyewe, kila upande una hoja.

Wanaotaka ushuru wa juu wanasema: nchi inahitaji pesa, mitumba inaua viwanda vya kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi, na magari yaliyochoka yanachafua hewa.

Wanaopinga wanasema: kwa mwalimu wa Bungoma ama mama anayebeba mboga kutoka Chwele, gari ni jembe, si anasa. Na gari jipya lililounganishwa hapa bado liko mbali na mfuko wake.

Zote mbili ni kweli. Kwa hivyo swali zuri si "mnapandisha ama hampandishi?" Swali zuri ni: mzigo unamwangukia nani?

17/ Mfano. Mwisho wa 2015 ushuru wa bidhaa ulifanywa kiasi kimoja: sh 150,000 kwa gari la chini ya miaka mitatu, 200,000 kwa lililozidi. Lilisikika kama jambo rahisi na la haki. Lakini mwenye gari la thamani ya laki tatu na mwenye la milioni tano walikuwa wanalipa laki mbili sawasawa. Gari ndogo zikapanda, kubwa zikashuka. 2016 ikarudishwa kuwa asilimia.

Ile kodi ya 2024 ilikuwa na harufu hiyohiyo. Gari la milioni 4 lingelipa laki moja. La milioni 10 pia laki moja. Huyo wa pili angelipa 1% tu, wakati wa Probox analipa 2.5%.

18/ Na kuna kodi ambazo hazina tarehe ya kuwahi. VAT ya mafuta ilipanda kutoka 8% hadi 16% Julai 2023. Tozo ya barabara ilitoka sh 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Ukichoma lita 100 kwa mwezi, hizo shilingi saba ni 8,400 kwa mwaka, kila mwaka. Kabla ununue gari, piga hesabu ya kulilisha.

19/ Kwa hivyo wakija kwa baraza ama kwa redio kuomba maoni, na Katiba inataka mwananchi ashirikishwe kwa mambo ya fedha, waulize haya:

- Badiliko hili liko kwa Bunge, Jumuiya, ama orodha ya KRA?
- Linaanza tarehe gani, na gari lililo baharini litahesabiwaje?
- Gari la cc 1500 litaongezeka shilingi ngapi? Si asilimia, shilingi.
- Mwenye gari la bei ghali analipa sehemu kubwa zaidi ama ndogo?

Ukiona mtu anaruka maswali haya anaenda kwa matusi, umepata jibu lako.

20/ Shemeji alinisikiza. Pesa iliingia shambani, mahindi yakapata mbolea. Tumekubaliana hivi: akivuna na kuuza, atenge kwanza karo, mbegu na mbolea ya kupandia. Kikibaki cha kutosha, aagize Januari. Gari litakuwa limefika kabla ya Aprili, mbali na Desemba 31 na mbali na Julai 1. Kisipobaki, gari lingoje. Ameniambia, "Shemeji, bila mahindi hata hiyo gari ningeitilia mafuta na nini?"

Sina la kuongeza hapo. Kama kuna mtu wako anataka kukopa wiki hii kwa sababu ya Julai, mtumie huu uzi kabla hajaweka sahihi.