Kuandaa Tasnifu za Isimu ya Kiswahili kwa Uhifadhi wa Kudumu

Tasnifu huhesabiwa kuwa imekamilika inapopokelewa na chuo. Hata hivyo, kwa mtazamo wa uhifadhi, inapaswa pia kusomeka na mtafiti atakayeifungua miongo kadhaa baadaye, kwa programu ambazo bado hazijabuniwa.

Katika isimu ya Kiswahili, alama zaweza kubadilika hata pale faili linapodumu. Katika Kimvita, kwa mfano, mpumuo hutofautisha maana: kʰaa ni mnyama wa pwani mwenye magando, ilhali kaa lisilo na mpumuo ni kaa la moto. Kabla ya Unicode kuenea, alama za kifonetiki ziliandikwa kwa fonti maalumu zilizotumia nafasi za herufi za kawaida. Fonti hiyo isipokuwepo, alama hugeuka herufi nyingine, na ushahidi wa hoja hutoweka.

Kwa sababu hiyo, kiwango cha PDF/A, kilichotolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 2005, hudai fonti zote zipachikwe ndani ya faili na hukataza faili kufungwa kwa nywila. Hata hivyo, ngazi zake hazilingani. Ngazi b huhakikisha mwonekano wa ukurasa tu. Ngazi u, iliyoongezwa katika sehemu ya pili ya kiwango hicho mwaka 2011, hudai kila herufi ihusishwe na msimbo wake wa Unicode. Tofauti hiyo ina uzito kwa tasnifu zinazonukuu tenzi kwa hati za Kiarabu: katika ngazi b, herufi پ na چ zaweza kuonekana sawasawa lakini zisitafutike wala kunakilika ipasavyo.

Rekodi za masimulizi huwekwa kando ya waraka, katika faili za WAV zisizobanwa, zikiambatana na maelezo ya mahali, tarehe, lahaja na idhini ya msimulizi. Bila maelezo hayo, sauti hubaki bila mwenyewe.

Programu huria ya veraPDF huonyesha kama faili limekidhi kiwango. Usahihi wa data, hata hivyo, ni jukumu la mtafiti mwenyewe kabla ya kuwasilisha kazi. Mkutubi aweza kugundua fonti iliyokosekana. Ni vigumu agundue kwamba kʰaa limekuwa kaa, kwa kuwa kwa macho yake hilo ni neno sahihi la Kiswahili.