Karakana ya Garimoshi Juu ya Meza

Watoto wa Temeke hawakungoja kufundishwa kuunda magari. Kwa waya wa kufungia, makopo matupu na visoda vya chupa huunda lori lenye usukani mrefu na magurudumu ya mbele yanayopinda kushoto na kulia, nao hulisukuma kutoka Tandika hata Yombo bila ya kuchoka. Lakini garimoshi huliunda mara chache, hata wale wanaosikia honi yake kila siku kutoka upande wa stesheni ya TAZARA. Na karakana ya kulitengenezea garimoshi ni nadra kabisa kuiona mikononi mwao.

Hawalaumiwi. Lori huwaona mafundi wakilifungua mchana kweupe chini ya mwembe, mmoja amelala chali chini ya ekseli, mwingine ameshika spana, na watoto wamesimama kando wakitazama. Injini ya garimoshi hufunguliwa nyuma ya ukuta wenye mlinzi. Mtoto haundi asichokiona.

Kwa sababu hiyo twapendekeza, ndugu wasomaji, jambo ambalo huenda wengine wakaliona la mchezo: katika shule zetu za ufundi na kumbi za vijana, Temeke na Kinondoni, ujengwe mfano mdogo wa karakana ya injini za garimoshi, ulio sahihi kwa vipimo, wenye shimo lake, winchi yake na uchafu wake. Katika nchi za Ulaya watu wazima hufanya kazi hii bila ya haya. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza garimoshi za mfano zenye reli za vipimo maalumu mwaka 1891, na mjini Hamburg kuna jengo zima la mifano hiyo, lililofunguliwa mwaka 2001, ambalo watu hulipa kiingilio kuliona. Wao hufanya kwa kujifurahisha. Sisi tuna haja nyingine.

Haja yenyewe yaeleweka mtu akitazama historia. Wakati wa shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki, karakana kubwa kuliko zote ilikuwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na njia ndefu ya reli, lakini mahali pa kuzitengenezea injini zake pakawa ng'ambo ya mpaka. Ilibidi baadaye ijengwe karakana kubwa ya injini za dizeli huko Morogoro. Hata leo katika makumbusho ya reli mjini Nairobi imesimama injini ya mvuke nambari 5918, moja katika zile Garratt 34 zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, nayo jina lake ni Mount Gelai. Gelai ni mlima wa Tanzania.

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976 ikiwa na karakana zake mbili kubwa, moja hapa Dar es Salaam na nyingine Mpika, Zambia. Iliwahi kubeba zaidi ya tani milioni 1 za mizigo kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Mizigo ilikuwako; ilipita barabarani kwa malori. Sababu za anguko hilo ni nyingi, na mojawapo ni injini zilizosimama zikingoja vipuri, hii ikinyofolewa kifaa ili ile ipate kutembea. Sasa yamefanyika mapatano ya mwaka 2025 na kampuni ya CCECC ya China ya kuifufua njia hiyo, na reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Injini mpya zinakuja. Lakini kijana aliyeingia karakanani mwaka 1976 akiwa na miaka 20 sasa ni mzee wa kama miaka 70. Wengi wao wanaishi miongoni mwetu, na wanayoyajua hayajaandikwa popote.

Basi turudi mezani. Kipimo tunachokiona chafaa ni moja kwa ishirini, yaani kila sentimita 20 za kweli ziwe sentimita 1. Injini ya mita 17 itakuwa na sentimita 85, fundi mwenye kimo cha mita 1.70 atakuwa na sentimita 8 na nusu, na shimo la ukaguzi lenye kina cha mita 1.20 litakuwa la sentimita 6. Jengo la mita 40 kwa 20 litatosha juu ya meza ya mita 2 kwa 1. Mbao laini zapatikana katika mabaki ya maseremala wa Keko, mabati ya kuezekea hukatwa katika madebe, na wachongaji wa vinyago wa Mwenge hawatashindwa kumtoa fundi aliyeinama akitazama breki.

Upana wa reli usikisiwe. Dar es Salaam ina njia za aina tatu: reli ya kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ni ya milimita 1,000, TAZARA ni ya milimita 1,067, na ile ya umeme ni ya milimita 1,435. Katika mfano wetu zitakuwa milimita 50, milimita 53 na ushei, na karibu milimita 72. Mwanafunzi aweke gurudumu la reli ya kati juu ya njia ya TAZARA aone mwenyewe. Tofauti ni milimita 3 tu na kitu juu ya meza, wala gurudumu halikai. Kwa milimita 67 hizo za kweli, mizigo ya njia moja haiwezi kupita katika nyingine bila ya kuhamishwa, na ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo huko Kidatu. Somo hili mwalimu aweza kulieleza kwa saa nzima. Gurudumu la bati hulimaliza kwa dakika moja.

Ndani ya jengo injini iwe imeinuliwa. Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Bodi ya injini hukalia bogi mbili, kila bogi ikiwa na ekseli zake, na katika injini za dizeli-umeme kila ekseli inayovuta ina mota yake. Kabla ya kuinua, mafundi hufungua nyaya za mota, mabomba ya hewa ya breki na mabomba ya mchanga. Kisha jeki nne hupanda pamoja, kwa mwendo mmoja. Ikitangulia moja, bodi huinama na maisha ya watu huwa hatarini. Bogi husukumwa kutoka nje, ekseli hutolewa na kupelekwa kwenye mashine ya kukereza, kwa maana magurudumu hulika, na yaliyo juu ya ekseli moja hayana budi kuwa na kipenyo kimoja. Mfano uundwe hivyo: bodi iinuke kweli, bogi itoke kweli. Ukigandishwa wote kwa gundi utakuwa pambo la kuwekea vumbi.

Mabomba ya mchanga huwashangaza wengi. Injini hubeba mchanga mkavu na kuumwaga juu ya reli mbele ya gurudumu lisiteleze mlimani, na katika kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako haja yake ni kubwa. Pembeni ya karakana basi pawe na rundo la mchanga. Wa Temeke tunao wa kutosha.

Juu ya uchafu tuna neno. Tumekwisha kuona mifano ya majengo katika maonyesho, imepakwa rangi nyeupe na kijani hata yafanana na keki ya harusi. Karakana haiko hivyo. Paa lake lina matundu ya kutolea moshi, na kenchi zake ni nyeusi. Masizi ya kibatari yatafaa kwa hilo, unga wa tofali la kuchoma utafanya kutu, na maji ya majani ya chai yatazeesha mbao. Sakafuni pawe na madoa ya grisi, vipande vya breki vilivyolika vimerundikwa pembeni, na katika njia ya mwisho isimame injini isiyo na magurudumu, ingojayo vipuri. Wapo watakaosema hiyo ni aibu kuionyesha. Sisi twasema ionyeshwe, na kando yake paandikwe ni kifaa gani kinachongojwa.

Majina ya vifaa waulizwe wazee wa reli, yaandikwe kama wanavyoyatamka, hata kama kamusi haiyajui.

Jambo la mwisho ni la kiseremala. Meza ya mita 2 kwa 1 haipiti katika milango mingi ya madarasa yetu. Na ikatwe vipande vitatu, kila kimoja upana wa sentimita 67, viungwe kwa bolti na nati, na reli zipimwe tena kila vinapounganishwa; zikiachana hata kidogo, injini itaanguka kabla haijafika shimoni.