Jina la Mwanza Lanadiwa Wapi?

Kila siku, usiku na mchana, jina la Mwanza lanadiwa. Halinadiwi Kirumba Mwaloni, ambako dagaa huuzwa kwa kelele na mbele ya macho ya watu, wala halinadiwi Makoroboi kwa wachuuzi. Lanadiwa ndani ya mitambo iliyo mbali na Ziwa hili, kwa muda usiotosha mtu kupepesa jicho, na wanaolinunua aghalabu ni watu wasiopata kuliona Jiwe la Bismarck ila katika picha. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu mnada huo ni wa namna gani, maana wengi wetu twauingia kila siku bila kujua kwamba tumeuingia.

Mtu anapoandika katika simu yake maneno "hoteli Mwanza", au "safari ya Serengeti", au "dagaa wa jumla", huyapeleka maneno hayo kwenye mtambo wa kutafutia habari. Katika nchi yetu, kama katika sehemu kubwa ya dunia, karibu watu wote hutumia mtambo mmoja tu, nao ni Google. Mtambo huo hauanzi kutafuta wakati ule unapoulizwa. Umekwisha kuzitembelea kurasa za intaneti mapema, umekwisha kuziandika katika daftari lake kubwa neno kwa neno, na mtu akiuliza, kazi iliyobaki ni kuamua ukurasa upi uwe wa kwanza na upi uwe wa mia. Hapo ndipo penye nguvu yake yote, kwa kuwa ni watu wachache mno wenye subira ya kufika wa mia.

Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, waliianzisha kampuni hiyo mwaka 1998 kwa wazo ambalo mzee yeyote wa Usukuma angelielewa mara moja: anayetajwa kwa wema na watu wengi, na hasa na watu ambao wenyewe wanaheshimiwa, ndiye wa kuaminiwa. Basi ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingi nyingine hupanda juu. Katika maandishi yao ya kitaalamu ya mwaka ule ule, vijana hao walionya kwamba mtambo unaoishi kwa fedha za matangazo utawaelemea wenye kutangaza na kuwaacha wenye kutafuta. Onyo hilo halikutolewa na maadui zao. Walilitoa wao wenyewe.

Mwaka huo huo, huko California, Bill Gross alikuwa amefungua mtambo wake uitwao GoTo, naye hakuona haya kusema kuwa nafasi ya kwanza ni ya atoaye zaidi. Mwenye biashara alitaja bei yake kwa kila neno, akalipa pale tu mtu alipolibonyeza tangazo lake. Google ilianza kuuza matangazo yake ya maneno mwaka 2000, na mwaka 2002 ikaishika njia hiyo ya mnada na kuitia ufundi. Kwanza, mshindi si yule tu anayetaja bei kubwa. Bei yake hupimwa pamoja na alama ambayo mtambo wenyewe humpa, kwa kutazama kama tangazo lake lalingana na lililoulizwa na kama watu hupenda kulibonyeza. Pili, mshindi hatozwi kiasi kile alichotaja, bali kile kinachotosha kumweka juu ya anayemfuata. Mnada huo hufanyika upya kila mtu anapouliza jambo lenye wanunuzi. Kwa senti hizo zinazookotwa moja moja, biashara ya utafutaji iliiletea Google karibu dola bilioni 198 katika mwaka 2024.

Zamani matangazo hayo yaliwekwa juu ya rangi yake, ili msomaji asidanganyike. Rangi ikaja kuondolewa, kikabaki kialama. Kialama nacho kikabadilishwa mara kadha wa kadha. Leo ni maandishi mafupi tu yanayomjulisha mtu kwamba lililo mbele yake limelipiwa. Sisi wa magazeti si malaika, lakini tangazo tunalizungushia mstari.

Sasa na tumtazame mwenye nyumba ndogo ya wageni hapa mjini, yenye vyumba kumi na mtumbwi wa kuwapeleka wageni kuona Kisiwa cha Saanane. Mgeni aliyeko Ujerumani aandika jina la nyumba hiyo. Je, kitu cha kwanza atakachokiona ni nyumba yenyewe? La, si lazima. Kampuni kubwa za kigeni za kuwekea vyumba, kama Booking.com, hununua maneno kwa maelfu, na majina ya hoteli yakiwa miongoni mwao. Kanuni za mtambo haziwakatazi. Kampuni mama ya Booking.com ilitumia zaidi ya dola bilioni 6 kwa matangazo na kujitangaza mwaka 2023, na sehemu kubwa ya fedha hizo huishia katika mitambo ya kutafutia. Mgeni hubonyeza, hulipa, na mwenye nyumba hukatwa ushuru wa asilimia 15 hivi kwa mgeni ambaye tangu mwanzo alikuwa akimtafuta yeye kwa jina lake. Akitaka kulikomboa jina lake, naye aingie mnadani alinunue.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mnada huu ni hasara tupu kwa mnyonge. Zamani mwenye duka dogo hakuweza hata kuota kutangaza London. Leo mwuza dagaa aweza kutenga shilingi elfu chache kwa siku, akachagua maneno membamba ambayo matajiri hawayataki, kwa mfano dagaa wakavu wa gunia wa Mwanza, na kwa kuwa washindani ni wachache, bei huwa ndogo. Mwenye akili hakimbilii neno "Serengeti", ambalo linapiganiwa na kampuni za Arusha, Nairobi, London na New York kwa pamoja, ingawa lango la Ndabaka liko kando ya barabara yetu ya kwenda Musoma. Tunachokilalamikia si kuwako kwa soko. Ni kwamba mwenye soko ndiye dalali, ndiye mwenye mizani, na ndiye anayetoa alama za kuamua nani astahili kushinda. Na daftari lake halikaguliwi na wanaouza humo.

Jambo hilo la mizani watu wa Ziwa hawahitaji kufundishwa. Katika miaka ya kwanza ya 1950 mkulima wa pamba alibeba mzigo wake kutwa nzima hadi kwa mnunuzi, akakuta mizani ni ya mnunuzi, macho ya kuisoma ni ya mnunuzi, na kilo zilizopotea hazikuwa na mwenyewe. Paul Bomani na wenzake hawakuwaambia wakulima waache kuuza pamba. Waliwaunganisha, wakaanza kuipima pamba kwa mizani yao wenyewe kabla haijafika kwa mnunuzi, na mwaka 1955 vikaungana vyama vya ushirika vilivyoitwa Victoria Federation, ambavyo kabla ya mwisho wa miaka ile vilikuwa vimeshika mazao yote ya pamba ya jimbo. Mizani ya leo haina mawe wala kigingi, lakini swali ni lile lile.

Tena si sisi peke yetu tunaoliuliza. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta, wa mahakama ya Washington, aliamua kwamba Google imeuvunja sheria ushindani kwa kujilinda isipate mshindani katika utafutaji. Katika shauri hilo ilidhihirika kuwa mwaka 2021 peke yake kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu na wengineo, ili kisanduku cha kutafutia kinachomkuta mtu anapowasha simu mpya kiwe chake. Basi simu inayouzwa katika vibanda vya mjini kwetu huja na mlango uliokwisha kuchaguliwa. Jaji aliona pia kwamba kampuni iliweza kupandisha bei ya matangazo ya maandishi bila kumwogopa mshindani yeyote. Septemba 2025 akatoa maagizo: mikataba ya kuwafungia nje wengine isifanywe, na baadhi ya maarifa ya daftari wagawiwe washindani, lakini alikataa kuilazimisha kampuni iuze kivinjari chake cha Chrome. Wengi waliona adhabu hiyo ni nyepesi, nasi tumo katika hao.

Afrika nayo haikulala. Julai 2023 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilimaliza uchunguzi wake juu ya masoko ya intaneti, ikaona kwamba matangazo ya kulipia yanazipendelea kampuni kubwa za nje. Iliitaka Google iziwekee kampuni ndogo za nchi ile nafasi ya kuonekana bila malipo, iziwekee alama ya bendera ya taifa ili mnunuzi azitambue, na iwape wafanyabiashara wadogo msaada wa matangazo na mafunzo. Hapa kwetu, Bunge mwaka 2022 liliweka kodi ya asilimia 2 kwa mapato ya huduma za kidijiti za kampuni zisizo na makazi nchini, pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Twaikubali hatua hiyo. Lakini kodi hutia fedha katika hazina. Haimwinui mwenye nyumba ya wageni hata nafasi moja. Tume yetu ya Ushindani yapaswa kuuliza yale yaliyoulizwa Pretoria, na ikiwezekana iyaulize pamoja na majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Ziwa hili ni la Mwanza, la Kisumu na la Entebbe.

Wakati haya yakizungumzwa, mtambo wenyewe umekwisha kubadilika. Tangu mwaka 2024 Google haimpi mtu orodha ya kurasa tu. Humtungia jibu kwa akili ya mashine, likakaa juu kabisa, na matangazo yamekwisha kuanza kuingizwa humo pia. Msomaji hupata jibu, akaondoka bila kuufungua ukurasa ambao jibu lilichumwa. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wanalalamika, na mwaka 2025 kampuni ya magazeti ya Penske ilifikisha malalamiko yake mahakamani. Wao wanalilia wasomaji waliopotea. Sisi tuna hatari ya namna nyingine, maana mashine haiwezi kuchuma mahali ambapo hapakupandwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu yake juu ya sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare, ikaenea duniani kote; Rais Kikwete aliikemea mwaka 2006, lakini kwa wageni wengi hiyo ndiyo iliyokuwa Mwanza yote waliyoijua. Yaliyoandikwa na wengine juu yetu ni mengi na ni ya Kiingereza. Tuliyoyaandika sisi kwa Kiswahili ni machache, na mengi ya hayo yamefichwa katika picha za matangazo zinazorushwa katika makundi ya simu, mahali ambapo mtambo wa kutafutia haufiki.

Kuna mambo yasiyongoja Tume wala mahakama. Kuiandikisha biashara katika ramani ya Google ni bure, na huonekana kwa mtu aliye karibu hata kama mwenyewe hajanunua neno lolote. Wenye nyumba za wageni wa Nyamagana na Ilemela waweza kuunganisha fedha zao na kununua maneno kwa pamoja, badala ya kupandishiana bei wao kwa wao huku mgeni akicheka. Halmashauri ya Jiji, Manispaa ya Ilemela na wenye vyombo vya majini wangeandika wazi, kwa Kiswahili safi na kwa maandishi yanayosomeka na mtambo, nauli na saa za meli za Nansio na za kivuko cha Kamanga, na kuzisahihisha kila zinapobadilika. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na magari yanapita. Lakini zimo kurasa nyingi za zamani katika intaneti zinazomweleza msafiri wa Sengerema apange foleni asubiri kivuko.