Kalima: maji meusi ya pori, maji mekundu ya kasiterite

Anayetoka Kindu kwenda Kalima huvuka kwanza mto Lualaba kwa mtumbwi au kwa kivuko hadi Alunguli, kisha hupanda pikipiki kuelekea mashariki, kama kilomita 100 ndani ya eneo la Pangi. Wageni wengi huja kwa ajili ya kasiterite. Sisi safari hii tulikuja kutazama maji.

Nje kidogo ya mji, vijito viwili vinakutana chini ya kilima. Kimoja kinatoka porini na maji yake ni meusi, mfano wa chai iliyokaa muda mrefu kwenye birika. Hayo si uchafu: ni majani yaliyooza yanayotoa rangi. Ukiyachota kwa mkono unaona vidole vyako vyote. Kijito cha pili kinatoka machimboni, chekundu na kizito kama udongo wa tofali. Hapo vidole havionekani.

Vikikutana havichanganyiki mara moja. Vinakwenda sambamba, cheusi upande mmoja, chekundu upande mwingine, na kati yao mstari unaotikisika kama kamba. Maji hayo hayana uzito mmoja wala mwendo mmoja, ndiyo maana yanachelewa kushikana. Watalii husafiri hadi Manaus, nchini Brazil, kuona jambo hilo mahali Rio Negro inapokutana na Solimões. Kwetu pia maji meusi si haba: mto Ruki, unaoingia mto Kongo pale Mbandaka, ulitajwa na watafiti mwaka 2023 kuwa miongoni mwa mito mikubwa yenye maji meusi zaidi duniani.

Ila Manaus rangi zote mbili ni za asili. Kalima moja imetengenezwa na watu.

Kasiterite, yaani jiwe la bati, ni nzito karibu mara tatu kuliko mchanga wa kawaida. Mchimbaji huelekeza maji kwenye mfereji, humwaga udongo humo na kuukoroga: madini yanabaki chini, tope linakwenda zake. Kazi hiyo ni ya zamani hapa. Kampuni ya Symétain ilichimba tangu wakati wa Wabelgiji, SOMINKI ikachukua nafasi mwaka 1976, bei ya bati ikaanguka mwaka 1985, kisha ikaja SAKIMA. Leo walio wengi mferejini ni wachimbaji wadogo, na jioni kila mmoja ana watoto wa kulisha. Kuwaambia waache tu ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Wanaolipa gharama wako chini ya kilima. Tope huziba mashavu ya samaki, hufunika mayai yao na kuzuia mwanga. Mama anayefua upande mwekundu anarudi nyumbani na nguo zenye rangi nyingine. Kwa hiyo akina mama huteka maji kabla ya vijito kukutana, au upande ule mweusi, mapema asubuhi mfereji ukiwa haujafunguliwa. Bidoni ikijaa tope huachwa itulie, maji ya juu yakachujwa kwa kitambaa, halafu yakachemshwa. Hata yale meusi yanahitaji moto, kwa kuwa vijidudu vya kipindupindu havina rangi.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji mdogo alinde mazingira, na SAEMAPE ndiyo huduma ya serikali yenye kazi ya kumsaidia. Dawa yenyewe si ngumu: mashimo mawili au matatu ya kutulizia tope, maji yapite taratibu kabla ya kurudi kijitoni, kisha mashimo yasafishwe yakijaa. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia siku za kuyachimba, maana siku hizo hakuna kasiterite inayouzwa. Magunia hufungwa lebo kuonyesha madini yametoka shimo gani. Tope linashuka bila lebo.

Tuliufuata mstari ule kwa miguu. Karibu na mwamba wa kwanza maji yalianza kuzunguka, upande mweusi ukapungua hadi upana wa mtumbwi mmoja, kisha ukaisha. Kuanzia hapo kijito ni chekundu ukingo hadi ukingo, kikiteremka kuelekea mito mikubwa inayoishia Lualaba.